Mwizi Aliyekataa Mlango

Sura ya Nne

Katika miaka yake yote ya upelelezi, Sajini Protus Lihanda hakuwahi kushindwa kuingia mahali palipoibwa. Aliwahi kuingia ndani ya tangi la maji, ndani ya shimo la choo ambacho bado kilikuwa kinachimbwa, na mara moja ndani ya jeneza, ambalo kwa bahati lilikuwa la kuuzwa tu. Lakini asubuhi hii, katika mtaa wa Amalemba, alifika mbele ya pazia la chumba cha kulala cha Mama Ashura na miguu ikakataa katakata.

"Ingia basi, Sajini," alisema Koplo Jepkemboi, ambaye tayari alikuwa ndani. "Ni chumba tu. Hakuna mtu."

"Siwezi."

"Kwa nini?"

"Huyu mama ni mdogo wake mama mkwe wangu."

"Kwa hivyo?"

"Kwa hivyo ni mama mkwe wangu."

Jepkemboi alichungulia kutoka nyuma ya pazia. Alikuwa amehamishiwa Kakamega majuzi kutoka Nandi Hills, na kila siku mji huu ulimfunza jambo jipya. "Hata kama kungekuwa na maiti humu?"

"Hata kama maiti ingekuwa yangu."

Basi uchunguzi ukafanywa kwa njia ambayo hakuna chuo cha polisi kinachoifundisha. Jepkemboi alipiga video kwa simu, akatoka, akamwonyesha Sajini aliyesimama sebuleni akiligeuzia pazia mgongo, kisha akarudi ndani kupiga nyingine. Sajini alitoa amri kwa sauti ya mtu anayeelekeza lori kurudi nyuma.

"Nionyeshe hiyo meza ya mlangoni. Vizuri. Sasa kando ya ki... Pitisha haraka! Usinionyeshe kitanda cha mama mkwe!"

Alichokiona kilimfanya akune kichwa. Karibu na pazia palikuwa na meza, na juu yake simu ya Mama Ashura ikichajiwa, saa ya mkononi ya mumewe, Mwalimu Dauda, na redio mpya. Mwizi alikuwa ameviacha vyote. Kilichoibwa kilikuwa upande wa pili kabisa, kwenye kigoda kando ya dirisha: kipande cha bakuli lililovunjika, ukubwa wa kiganja, cheupe chenye maua ya buluu. Ukikiona njiani ungekipiga teke na kuendelea na safari yako.

"Dirisha lina vyuma?" aliuliza.

"Lina vyuma. Mtu hapiti. Na jana mlango wa mbele ulikuwa wazi, wamesema wenyewe. Mwizi alitembea tu akaingia."

"Akaacha simu na redio, akachukua kigae."

"Akachukua kigae," Jepkemboi alikubali, kwa sauti ya mtu ambaye ameanza kuutamani uhamisho mwingine.

*

Mwalimu Dauda alikuwa ameketi sebuleni katikati ya katoni zake. Zilikuwa zimepangwa ukutani hadi karibu na dari, na mgeni alilazimika kupita ubavu. Alikuwa amefundisha historia huko Kilifi ujana wake wote hadi akastaafu, na kila alfajiri, maji yakishakupwa, alitembea ufuoni akiokota vigae, shanga, visu vilivyoliwa na kutu, sarafu zisizosomeka. Wenzake walirudi nyumbani na magari. Yeye alirudi na katoni.

"Sajini, nitakueleza kwa mpangilio," alisema kwa Kiswahili cha pwani ambacho majirani zake humwigiza wakitaka kucheka. "Kila mtu anajua kwamba misafara ya wafanyabiashara ilitoka pwani ikafika Mumias. Kujua ni kujua. Mimi nilitaka kitu cha kushika mkononi. Baada ya mvua kubwa kwisha, nikaanza kutembea kwenye mchanga wa Mto Nzoia kama nilivyotembea ufuoni. Yule wa lori la mchanga alikuwa akinipeleka."

"Willis? Mume wa binti yako Fauzia?"

"Huyo huyo. Alisilimu akapewa jina la Idrisa, lakini lori limeandikwa Willis mbele na nyuma, basi watu wakaachia hapo." Mwalimu alilisema hilo bila furaha kubwa; alikuwa ameikubali posa ile shingo upande, kwa sababu Willis hakuwahi kusoma kitabu chochote hadi mwisho. "Siku moja, kwenye kona ya mto, nikakiona. Buluu juu ya mchanga. Nikaja nacho nyumbani, nikafungua katoni za Kilifi nikitafuta kinachofanana nacho. Unajua nilipata nini?"

Alifungua leso na kutoa kigae kingine.

"Nilipata nusu yake. Bakuli moja, Sajini! Nusu niliiokota baharini miaka mingi iliyopita, nusu Nzoia. Vikashikana, ua kwa ua."

Sajini Protus alikumbuka habari hizo. Zilisemwa redioni kwa wiki nzima. Watu waliomwita Mwalimu wa Takataka wakaanza kumwamkia kwa mikono miwili. Na leo alasiri wataalamu wa makumbusho wangefika kutoka Nairobi wakiongozwa na Daktari Emily, waone kwa macho yao.

"Wakikuta nina nusu moja tu mkononi, watasema nyingine haikuwahi kuwapo," alisema Mwalimu. "Nitaitwa mwongo hadi nizikwe. Nitafutie kigae changu kabla hawajafika. Nakuomba kama mwanangu."

"Mwalimu, unajuaje kwamba hiki kilitoka baharini?"

Macho ya mzee yakang'aa. Swali la darasani lilikuwa dawa kwake. Aligeuza kigae na kumwonyesha madoa meupe, magumu, madogo kuliko mbegu ya wimbi. "Hivi ni vijumba. Wadudu wa bahari hujenga juu ya kitu chochote kilicholala majini. Mtoni hawapo."

"Na kile cha Nzoia kilikuwa navyo?"

"Tele! Ndiyo maana hakuna wa kunibishia kwamba kilitoka pwani." Akampa simu yenye picha za kigae kilichopotea: picha za mbele, za nyuma, za pembeni, nyingi kuliko picha za harusi ya Fauzia.

Sajini akajitumia zote. "Unamshuku mtu?"

"Simshuku. Nimeshamfungia."

"Umemfungia nani? Wapi?"

"Anwar wa duka la vitabu kule Mumias. Yule aliyesema redioni kwamba mimi naota mchana. Jana alionekana langoni, na leo ana uso wa kuja tena! Majirani wamenisaidia. Yumo kwenye kibanda cha kuku."

*

Kibanda kilikuwa kidogo, na Anwar alikuwa mtu mrefu aliyevaa kanzu safi, au iliyokuwa safi alfajiri. Alikuwa amechuchumaa magoti yakigusa masikio.

"Assalaam aleikum, afisa."

"Waaleikum salaam. Jana ulikuja kufanya nini hapa?"

"Kuomba kiti."

"Kiti gani?"

"Kiti ya mbele! Leo nataka kukaa karibu na Daktari nione akikikagua. Nilipiga hodi, hakuna mtu, nikarudi. Leo nimekuja mapema nisikose, wakanishika wakaniweka na kuku. Mmoja ananidonoanga hapa kwa kifundo, sijui ana kisa gani na mimi."

"Wewe ulisema redioni kigae ni uongo."

"Na bado nasema! Kwa hivyo niambie, afisa, mimi nitakiiba cha nini?" Anwar alijaribu kuinuka akagonga kichwa. "Kikikaguliwa kionekane si cha maana, nimeshinda. Kikipotea, Mwalimu atasema hadi kiama kwamba kilikuwa cha kweli, na mimi sitakuwa na la kumjibu. Hakuna mtu Kakamega hii yote anataka hicho kigae kipatikane kuliko mimi. Hata yeye mwenyewe!"

Sajini alifungua mlango wa kibanda. Hoja ya mtu aliyekunjwa hivyo ilikuwa imenyooka kuliko hoja nyingi alizozisikia kortini.

"Toka," alisema. "Lakini usiende mbali."

"Niende wapi? Bado sijapata kiti."

*

Kumhoji Mama Ashura kulihitaji maandalizi. Yeye alikaa jikoni nyuma ya mlango ulioegeshwa, Sajini alikaa nje kwenye tofali akitazama upande wa bafu, na kati yao alikuwapo kuku aliyefungwa mguu akisubiri wageni wa alasiri. Mama mkwe hasemi na mkwe wake ana kwa ana. Lakini hakuna desturi inayomzuia mtu kusema na kuku wake.

"Nauliza tu hewani," alianza Sajini, "jana alasiri watu wa nyumba hii walikuwa wapi?"

"Kuku wewe," sauti ilitoka jikoni, "mwambie huyo afisa Mwalimu alikuwa ameenda msikiti, na mimi nilikuwa kwa jirani tunapanga mambo ya chama. Mlango tuliwacha wazi, tunauwachanga wazi kila siku."

"Na hewa ingejua nani walipita hapa?"

"Mwambie mwenye maziwa alipita, akaweka hapo nje akaenda. Huyo Anwar, jirani alimwona kwa geti. Na mkwe Willis alileta viti ya plastiki ya wageni, nikakuta amepanga hapo sebuleni vizuri."

"Willis tunaweka kando," alisema Sajini mara moja. "Huyo ni mkwe."

"Eeh, huyo ni mkwe," kuku aliambiwa.

Jepkemboi, aliyekuwa ameegemea ukuta akisikiliza, alifungua kinywa kisha akakifunga. Alikuwa ameanza kuzoea.

"Kuku," sauti iliendelea, sasa ikiwa chini, "mwambie pia, huyu mzee alipotoka pwani alikuwa ameisha. Alikuwa anakaa kwa kiti anaangalia barabara, obusuma, ugali yenyewe, anagusa tu anaacha. Watu wanapita hapo nje wanacheka katoni zake, na yeye anasikia. Fauzia alikuwa anakuja hapa analia. Siku alipata hicho kitu Nzoia, alikula ingokho nzima, kuku kama wewe, akaniimbia. Mimi huyo mzee sijawahi kusikia akiimba. Kisirudi hicho kitu, sijui nitamfanyia nini." Kikasikika kishindo cha sufuria ikiwekwa chini kwa nguvu. "Nimemaliza kuongea na kuku."

Sajini Protus alimshukuru kuku, akainuka.

*

Alizunguka nyuma ya nyumba hadi kwenye dirisha la kile chumba. Hapo nje aliruhusiwa kusimama, mradi asichungulie sana. Jepkemboi alirudi ndani.

"Angalia chini ya kigoda," Sajini alimwambia kupitia vyumani.

"Kigoda gani? Kuna viwili."

"Hicho cha kigae."

"Hiki?"

"Siyo hicho, kile kingine!"

Kando ya dirisha, ukutani, ulikuwa umeegemezwa mti mrefu wa kuchunia avokado, wenye kifuko cha wavu mwekundu wa vitunguu kwenye ncha. Sajini aliuchukua, akaupitisha katikati ya vyuma, akaunyoosha hadi kwenye kigoda. "Hiki hapa! Hiki ninachokigusa!"

Kwenye kigoda palikuwa na tasbihi ya Mama Ashura. Kifuko kiliigusa, kikaizoa, na Sajini alipouvuta mti kwake tasbihi ikaja nao, ikapita katikati ya vyuma bila kugusa popote na kutua mbele ya pua yake.

Wote wawili waliitazama.

"Sajini," alisema Jepkemboi polepole, "hapa kwa chuma kuna uzi. Mwekundu. Ni wa wavu kama huo."

"Mparachichi uko kule mwisho wa shamba. Mti wa kuchunia unafanya nini huku dirishani?" aliuliza Sajini. Aliugeuza. Ulikuwa mkavu na msafi. Hakuna avokado iliyochunwa nao hivi karibuni.

"Sawa, lakini haina akili. Mlango uko wazi. Nyumba haina mtu. Pazia tu unasukuma na mkono. Ni mwizi gani atawacha hiyo yote, azunguke huku nyuma, atafute mti, aanze kuvua kitu kwa dirisha kama samaki?"

Sajini Protus aliitazama mikono yake iliyoushika mti. Alijitazama alivyosimama, mguu mmoja mbele, uso umegeuzwa pembeni kwa adabu.

"Mtu kama mimi," alisema.

Jepkemboi alimkazia macho. "Jana alasiri ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa na wewe kortini!"

"Nauliza tu kwa utaratibu."

"Koplo, nyumba hii ina wakwe wawili wanaoishi karibu. Mmoja ni mimi. Nilimweka mwenzangu kando kwa sababu mkwe hawezi kuingia chumba hiki. Na ni kweli hawezi. Hakuingia." Sajini alijiona mjinga, na alistahili. Kila mtu nyumbani humo angekosea vilevile, na hata kuku alikuwa amekubali.

Kisha akafungua simu na kuzitazama zile picha moja baada ya nyingine, kwa sababu bado hakuelewa ni kwa nini. Willis alimheshimu baba mkwe wake kupita kiasi. Hangeiba hata embe lake. Sajini alifika kwenye picha iliyopigwa pembeni, inayoonyesha mahali bakuli lilipovunjika, akaikuza. Vijumba vyeupe vilikuwa vimeenea upande wa nje wa kigae. Na vilikuwa vimeenea pia juu ya mvunjiko wenyewe.

Alikaa chini kwenye nyasi.

"Nini?" aliuliza Jepkemboi kupitia vyumani.

"Bakuli lilivunjika kwanza, ndipo wadudu wakajenga. Lilivunjika likalala baharini vipande vipande. Sasa niambie, ni mfanyabiashara gani atatoka pwani, apite nyika na misitu na milima kwa miguu, hadi Mumias, amebeba kigae?"

*

Lori lenye jina la Willis mbele na nyuma lilifika likiwa na kreti za soda. Kabla mwenyewe hajateremka, Sajini alikuwa ameshapanda upande wa abiria na kufunga mlango. Willis alikuwa mtu mpana mwenye sauti ndogo, na mchanga haukumtoka kwenye nyusi hata siku ya Idi.

"Willis, nitakuuliza mara moja. Jana uliingia chumba cha Mama Ashura?"

Willis aliruka kwenye kiti. "Mimi? Niingie kwa chumba ya mama mkwe? Sajini, hiyo ni matusi! Hata ukinifunga, hiyo usiandike! Mguu yangu haijawahi kukanyaga huko!"

"Najua. Ulitumia mti wa kuchunia avokado."

"Ndiyo, kwa hesh..." Willis alijikatiza hapo. Alishika usukani kwa mikono miwili ingawa lori lilikuwa limezimwa.

Sajini alimwonyesha ile picha. Hakuhitaji kueleza sana.

"Sikuwa nataka ifike redio," Willis alisema hatimaye. "Mzee alikuwa anaisha, Sajini. Nampeleka Nzoia na rori, anatembea siku nzima kwa mchanga, anarudi na mifupa ya ng'ombe na kipande ya kandambili. Anapanda rori haniongeleshi. Fauzia akifika nyumbani analia. Nikafikiria, si apate tu kitu moja? Moja tu, afurahi. Kwa hizo katoni kuna vitu hata yeye amesahau. Nikachukua hiyo ya maua, nikaizika kwa kona pale anapitanga. Nilikuwa najua nini? Sikujua nusu yake iko kwa katoni hiyo hiyo!"

"Uliitoa kwenye katoni moja na ndugu yake."

"Akaanza kulia kwa furaha, akanikumbatia. Mimi. Hajawahi hata kunipa mkono vizuri. Ungekuwa wewe ungesema?"

Sajini alijua kwamba asingesema.

"Juzi Daktari akapiga simu, Mzee akaweka kwa spika. Akasema atakuja na kioo ya kukuza, anataka kuangalia pale imevunjika. Nikajua amejua. Mbele ya watu wote hao! Nikaona afadhali ipotee." Willis alifungua kisanduku cha spana chini ya kiti na kutoa kitu kilichofungwa kwa mtandio. "Nilisimama kwa daraja niitupe. Nikashindwa. Ni kitu yake."

Kigae kilikuwa kizima. Sajini alikipokea na kukaa nacho mapajani, na kwa mara ya kwanza tangu ajiunge na kazi alipata kilichoibwa na kutamani kisingepatikana.

"Mwambie wewe," Willis aliomba. "Wewe ni mkubwa."

"Mimi ni polisi, si mshenga wako. Teremka."

*

Mwalimu Dauda alisikiliza yote akiwa amesimama, kwa sababu alikuwa ameshavaa koti la wageni na hakutaka likunjike. Willis alizungumza akiwa ametazama sakafu. Alipomaliza, Mwalimu alivichukua vigae vyote viwili, akavishikanisha, akavitenganisha. Kisha akainua kile cha Nzoia hadi kwenye mwanga wa mlangoni na kuutazama ule mvunjiko kwa muda mrefu.

"Angeniletea mwanafunzi kitu hiki," alisema, "ningemcheka darasa zima lisikie. Hili ni somo la kwanza. Nimelifundisha miaka na miaka." Alipapasa vijumba kwa kidole gumba. "Niliviona, Sajini. Kila siku niliviona. Sikutaka kuviona hapo vilipokuwa."

Jikoni sufuria zilinyamaza.

"Sheria inasemaje," Mwalimu aliuliza, "kuhusu mtu aliyekufurahisha kwa uongo?"

"Haina kifungu hicho, Mwalimu."

"Uzembe mkubwa."

Nje, gari lilisimama langoni. Milango ilifunguliwa, sauti za watu wa Nairobi zikaanza kuusifu mparachichi wa kule shambani, na Anwar akasikika akiwakaribisha wageni kama mwenye nyumba. Willis aliinua kichwa ghafla.

"Baba, hakuna mtu anajua. Ni sisi tu hapa. Sema imeibwa! Polisi wenyewe wako hapa, si ndiyo ushahidi? Hiyo nyingine nirudishie nikaitupe, safari hii nitaitupa kabisa. Daktari atasikitika, ataandika kwamba iliibwa, na jina yako itabaki safi."

Ilikuwa kweli, na hilo ndilo lililokuwa baya. Sajini Protus alilipima neno hilo akaona halina tundu popote. Wizi ulikuwa umeripotiwa. Kigae kisichokuwapo kisingekaguliwa na mtu yeyote. Mzee angeamkiwa kwa mikono miwili hadi siku ya mwisho, na Anwar angebaki akipigia kelele hewa. Sajini alijikuta akitazama dari, akiwapa nafasi wakitaka kuitumia, jambo ambalo halimo katika kiapo chake.

Mwalimu aliviweka vigae mfukoni mwa koti. Alivitoa tena. Alikuwa na uso wa mtu aliyeambiwa achague meno yapi yang'olewe. Kisha akampa Willis kimoja.

"Hicho kibebe wewe," alisema. "Ulikibeba kuja, utakibeba kutoka."

Wakatoka. Wageni walikuwa wamesimama uani, Daktari Emily mbele, mwanamke mfupi mwenye miwani shingoni na kioo cha kukuza mkononi tayari. Majirani walijaa uzioni. Anwar alikuwa ameketi kwenye kiti cha mbele, manyoya ya kuku mgongoni.

"Karibuni Amalemba," Mwalimu Dauda alisema, na sauti ya darasani ikamrudia, ya kufika kiti cha nyuma. "Kabla hamjaketi. Mmesafiri mbali mje kuona bakuli lililotoka baharini likafika Nzoia. Nusu hii niliiokota Kilifi. Nusu ile pia niliiokota Kilifi. Ilifika Nzoia kwa lori. Nilikosea, na nilikosea redioni."

Kisha mtu mmoja uzioni akacheka, na mwingine, na kicheko kikaenea kwenye ua wote, huku Willis akiwa amesimama kando ya baba mkwe wake, ameshika kigae kwa mikono miwili, machozi yakipita katikati ya mchanga usoni. Anwar, aliyekuwa amesubiri siku hii tangu mvua ziishe, alitazama huku na huku akakuta hana hamu ya kucheka. Aliinuka akampisha mzee kiti.

Daktari Emily hakucheka wala hakukasirika. Alichukua vigae vyote viwili, akavishikanisha, akauangalia mvunjiko kwa kioo chake, akatikisa kichwa kukubali. Kisha akauliza.

"Kilifi, upande gani?"

Mwalimu Dauda alimtazama kama hakusikia.

"Ufuo gani, Mwalimu? Maji yakiwa wapi? Viliokotwa siku moja, mahali pamoja? Kuna vingine vilivyokuwa karibu navyo?"

Tangu alipoanza kuokota hadi leo, watu walikuwa wamemuuliza Mwalimu Dauda vitu hivi ni vya nini, vitauzwa lini, na kwa nini asitafute kazi ya maana. Hili hakuna aliyewahi kumuuliza. Alishika mgongo wa kiti alichopishwa na Anwar.

"Upande wa kaskazini wa mkono wa bahari," alisema mwishowe. "Karibu na mawe. Maji yakikupwa sana, ndipo panapoonekana. Nilipita hapo kila asubuhi, Daktari. Kila asubuhi." Aligeuka. "Willis!"

"Baba."

"Leta katoni."

"Gani?"

"Zote," alisema Mwalimu, akaketi.